Si Wewe Uliyekata Mtandao Siku Ile

Mwanangu Rahma,

Assalaam alaykum. Najua ni kichekesho kumwandikia barua mtu ambaye masanduku yake yako hapo mlangoni, lakini nimejaribu kusema kwa mdomo mara nyingi nikashindwa, na kesho asubuhi unapanda ndege kwenda chuoni Perth. Wewe umekwenda kumalizia zamu yako ya mwisho dukani Parramatta, mama yako yuko jikoni, na mimi nimekaa sebuleni mbele ya ile kompyuta. Nina saa chache tu. Nakuomba unisome mpaka mwisho, hata ukikasirika katikati.

Sitakuambia ule vizuri, wala ufunge mlango, wala uchague marafiki. Hayo unayajua kunishinda. Nina jambo moja tu, la siku aliyozikwa bibi yako. Siku ile ulisema kweli. Kosa lilikuwa langu mwanzo mpaka mwisho, nikakuachia wewe ulibebe kwa miaka mitatu.

Haya, nimeshaliandika. Mengi ya siku ile unayajua, ila yapo usiyoyajua, na hata yale unayoyajua nataka uwe nayo kwa mwandiko wangu, nisije nikapata mwanya wa kuyakana.

Unajua Tanga nilikuwa fundi wa mitambo ya simu. Usichojua ni jinsi nilivyokuwa najisikia. Laini za ofisi nzima zikikatika walikuwa wananifuata mimi nyumbani, na nikiingia watu wazima wenye tai walikuwa wanasimama pembeni kunipisha. Tulipokuja huku wewe ukiwa mchanga, vyeti vyangu vilirudi na barua ya adabu sana, nikaanza kusukuma vitanda vya wagonjwa hospitalini Westmead. Ni kazi halali, imetulisha, sina neno nayo. Lakini kule wodini hakuna anayejua kwamba nilikuwa nani, na kusema kweli hakuna anayeuliza.

Ndiyo maana niliipenda hii kompyuta kupita kiasi. Unakumbuka tulivyoipata? Ilikuwa ile wiki ambayo watu wa hapa Doonside hutoa makochi na magodoro yao nje ili halmashauri iyachukue, tukaibeba wewe na mimi mpaka nyumbani, mama yako akituuliza kama tumekuwa waokota takataka. Niliifungua, nikaisafisha, nikaweka mfumo wa Linux, ikaamka. Ulikuwa na miaka tisa. Nilikufundisha kuibishia hodi ruta, kile kiboksi cha mtandao, kwa ile amri fupi ya ping na kungoja iitike, na kila ilipoitika ulikuwa unacheka peke yako. Siku hizo nilikuwa na furaha ambayo sikuwahi kuipata tena katika nchi hii. Watu wa jumuiya yetu wakaanza kuniletea kompyuta zao, wakaanza kuniita Fundi. Jina hilo lilinilevya, mwanangu. Siku ile nililewa nalo mbele ya watu.

Habari ya bibi yako ilitufikia alfajiri. Maziko yalipangwa saa nne asubuhi kwa saa za Tanga, kwetu saa kumi na moja jioni. Mama yako hakuwa na namna ya kufika. Ombi lake lilikuwa moja: kabla jeneza halijatoka nyumbani, wanawake wanapofunuliwa uso wa maiti mara ya mwisho, naye auone uso wa mama yake, amwombe radhi. Miaka miwili kabla walikuwa wamekosana kwa simu, na ingawa walisalimiana tena, neno lenyewe la radhi halikuwahi kutamkwa. Mama yako mdogo Saumu alikubali kushika simu mle chumbani. Kazi yangu ilikuwa kuunganisha tu.

Kuunganisha tu! Mtu yeyote mwenye simu angeweza. Lakini mimi nilijua nyumba itajaa, nikataka picha itoke kwenye televisheni kubwa, safi, watu wote waone kwamba Fundi yupo. Kulikuwa na kadi ya picha niliyoiweka ndani ya boksi wiki kadhaa nikingoja nafasi ya kuifunga. Nikaona nafasi ndiyo hiyo. Wewe ulikuwa unapanga vikombe, ukaniona na bisibisi.

"Baba, not today," ulisema. "Please. Si leo."

"Dakika tano," nilikujibu.

Niliichomeka kadi, nikawasha, nikajaribu kwa video ya harusi iliyokuwa tayari ndani ya kompyuta. Picha ikatoka nzuri mno. Nikafunika kompyuta nikaenda kuoga. Sikujaribu mtandao, Rahma. Kosa hilo hata mwanafunzi wa wiki ya kwanza halifanyi, na mimi nimekuwa fundi tangu kabla hujazaliwa.

Saa kumi na moja kasorobo sebule imejaa. Mama yako amekaa mbele kabisa mkekani, kajifunika kanga, anatazama televisheni. Nawasha, hakuna mtandao. Nikatabasamu. Nikasema dakika mbili.

Hebu niandike nilichofanya, kwa mpangilio, maana nimeurudia kichwani kila siku. Niliangalia taa za ruta, zote zinawaka. Nikachomoa waya nikauchomeka tena. Nikabadilisha waya. Nikaibishia hodi ruta, haikuitika. Nikazima kompyuta nikawasha. Nikaanza kuiondoa programu inayoendesha kadi ya mtandao ili niiweke upya, bila kukumbuka kwamba kuiweka upya kunahitaji huo huo mtandao nisiokuwa nao; nilipokumbuka nikaiacha kabla haijaondoka. Hapo ndipo uliponisogelea ukachungulia kwenye kioo, ukasema kwa sauti ya chini ili usiniaibishe, na hilo nalikumbuka vizuri, kwamba ulisema kwa sauti ya chini.

"Baba, angalia jina. It's four now, not three."

Ulikuwa umeshaona. Linux huipa kadi ya mtandao jina kufuatana na mahali ilipokaa ndani ya mashine. Yetu ilikuwa enp3s0, na nilikuwa nimeiandika hivyo kwa mkono wangu kwenye faili la mipangilio. Nilipochomeka ile kadi ya picha, hesabu ya ndani ikasogea, kadi ya mtandao ikawa enp4s0. Ilikuwa nzima kabisa. Kompyuta ilikuwa inamtafuta mtu ambaye hayupo tena kwa jina hilo, basi. Ilitakiwa kufuta tatu na kuandika nne. Ungeweza kuifanya kazi hiyo wewe, kwa muda ambao mtu anakunywa maji.

Nilikujibu nini? Nilisema, "Kaa pembeni, watu wazima wanafanya kazi." Na ilikuwa mbele ya Mzee Idi, mkubwa wa jumuiya yetu, mbele ya wanawake wote.

Kisha nikafanya kubwa kuliko yote. Nilichukua pini nikaiingiza kwenye kile kitundu cha nyuma ya ruta, nikairudisha ilivyotoka kiwandani. Ikasahau kila kitu, pamoja na nywila ya wifi ya nyumba. Simu zote zilizokuwa zinategemea wifi yetu zikakatika papo hapo. Simu ya mama yako haikuwa na bando, hilo nilikuwa nalijua, alikuwa anaitumia kwa wifi akiwa nyumbani. Kwa hiyo kule Tanga mama yako mdogo Saumu alikuwa anapiga, anapiga, na simu iko magotini kwa mama yako imekaa kimya. Niliiua mimi.

Jirani yetu Mama Furaha alijaribu. "Papa Rahma, ile mashine imekataa, piga na telefone tu, wakati unaenda," alisema, kwa Kiswahili chake kile cha Kongo, cha upole. Nikamwambia dakika mbili. Wewe ukanyoosha simu yako, ukasema ina bando. Nikausukuma mkono wako. Na hapo, mwanangu, nikasema kwa sauti iliyosikika mpaka jikoni: "Wewe ndiye uliyekuwa unachezea mipangilio hii jana! Umeshaharibu vya kutosha!"

Hukuwa umegusa chochote. Nilikuwa najua hukugusa. Neno lilitoka kwa sababu watu walikuwa wananitazama, na wewe ndiye uliyekuwa karibu.

Mama Furaha hakuningoja tena. Alimwomba mama yako namba, akapiga kwa simu yake, Saumu akapokea huku analia. Wote tulisogea. Saumu alisema wamesubiri, wanaume wamegonga mlango mara tatu, jeneza limeshatoka. Akageuza simu ili dada yake aone angalau chumba. Mama yako aliona kitanda kilichotandikwa shuka nyeupe, na wanawake wakikunja mikeka. Alikiangalia kile kitanda kwa muda mrefu. Hakulia. Alirudisha simu kwa Mama Furaha akasema ahsante, akaenda kuwapakulia wageni chakula.

Mpaka hapa unayajua. Sasa yale usiyoyajua.

Wageni walipoondoka nilikaa mbele ya kompyuta, nikaangalia jina la kadi kama ulivyoniambia, nikaiona hiyo nne. Nilirudisha mipangilio ya ruta, nikabadilisha tarakimu moja. Mtandao ukarudi hapo hapo. Nilibaki nimeshika kichwa. Mama yako akaja nyuma yangu akauliza, "Ilikuwa nini?" Aliuliza taratibu tu, bila ugomvi. Nilikuwa na nafasi ya kusema. Sebule ilikuwa tupu, hakuna Mzee Idi, hakuna mtu wa kunitazama. Nikamjibu, "Mtoto alikuwa amegusagusa." Ya mbele za watu ilikuwa hasira. Hii nilikuwa nimetulia, Rahma, nikaichagua.

Nilijua kwamba wewe ulikwenda kumweleza. Nilikuwa koridoni nikasikia. Ulimweleza yote, tatu na nne, kadi ya picha, ruta. Akakwambia, "Usimsingizie baba yako. Baba yako ni fundi." Nilirudi chumbani kwa ncha za vidole, mimi mtu mzima na mvi zangu, nikajifanya nasali.

Tangu siku ile hakukusuka nywele tena. Hakuwahi kutangaza kwamba hatakusuka. Jumapili ilifika, kitana kikabaki kwenye droo, na Jumapili iliyofuata, mpaka ukaanza kwenda saluni Blacktown. Tangu siku ile unatujibu Kiingereza. Watu walisema watoto wa huku ndivyo walivyo, wakikua wanaacha lugha. Nami nilikuwa naitikia, "Ndivyo walivyo," huku najua ni kwa nini.

Nilijaribu. Sisemi ili unihurumie, nasema ujue namna woga unavyofanya kazi. Siku moja mama yako na mimi tulikuwa kwenye treni tunakwenda kazini, tumetoka tu kituo cha Doonside, nikasema, "Mama Rahma, kuhusu siku ile ya kompyuta." Hakuniacha nimalize. Alisema, "Nimeshamsamehe. Alikuwa mtoto." Ungedhani ningeruka kwenye kiti. Sikumsahihisha. Nikashuka Westmead nikasukuma vitanda siku nzima, na wepesi fulani moyoni, kana kwamba aliyesamehewa ni mimi. Nakuandikia hili kwa aibu kuliko yote niliyoyaandika hapo juu.

Na kusamehe kwenyewe hakukuwa kusamehe. Alikuwa amekuweka mbali, basi, akakuita mtoto. Wewe nawe ukaichukua orodha ya vyuo ukachagua kile ambacho baada yake ni bahari tupu. Ulipotuonyesha, mama yako alisema hongera, akaendelea kukunja nguo.

Leo asubuhi ndipo nilipoona kwamba nimekwisha. Nilimuuliza kesho tutoke saa ngapi kwenda uwanja wa ndege. Akasema amechukua zamu, wazee anaowatunza kazini hawana mtu wa kuwaogesha. Hajawahi kuchukua zamu siku ya msafiri. Hata mtoto wa jirani aliposafiri alikwenda kumsindikiza na sambusa. Nilimtazama, na akilini nikakuona wewe kwenye ule mlango wa kuingilia ndegeni, umegeuka nyuma, upo na mimi peke yangu, mimi ambaye ndiye niliyekosa. Sikuweza kunywa chai.

Nilitaka katika barua hii nikuachie kitu cha kukufaa, maana wazazi wengine wana la kuwaachia watoto wao. Nilichonacho ni hiki cha ufundi. Mashine ikikwambia haina mtandao, usianze kuiamrisha. Iulize kwanza inaona nini, isome majibu yake yote, hata yale yasiyokupendeza. Siku ile niliandika amri zaidi ya ishirini na sikusoma jibu hata moja, kwa sababu nilikuwa nimeshaamua kosa haliwezi kuwa lile nililolifanya mchana na bisibisi yangu. Kitu cha mwisho ulichogusa ndicho cha kwanza kukishuku. Hilo nilikufundisha mwenyewe ukiwa na miaka kumi, ukalishika, mimi nikaliacha.

Na usiwe fundi kwa ajili ya macho ya watu. Sina maneno mazuri ya kulieleza hili. Najua tu kwamba kama sebule ingekuwa na sisi watatu peke yetu, ningekupisha kwenye kiti, ungefuta ile tatu, na mama yako angeuona uso wa mama yake.

Nimewaza nikuachie barua hii ndani ya sanduku, uikute Perth. Nikaona huo ni ujanja ule ule. Utakuwa umeshafika mbali, mama yako atakuwa bado hajui, na mimi nitakuwa nimejipa nafuu kwa mara ya pili. Kwa hiyo nitafanya jambo ambalo nalihofia kuliko kifo. Naacha kalamu hapa, naenda jikoni kumsomea mama yako.

...

Nimerudi. Ni saa kumi na mbili kasoro dakika chache, jua bado lipo.

Nilimsomea kuanzia juu. Alikuwa anachambua mchicha. Nilipofika kwenye bisibisi aliendelea kuchambua. Nilipofika kwenye kitundu cha ruta mikono ikasimama. Nilipofika kwenye "mtoto alikuwa amegusagusa" aliichukua karatasi mkononi mwangu akasoma mwenyewe mpaka mwisho, amesimama, midomo inacheza.

Akauliza kitu kimoja. "Alikuja kuniambia, siyo? Alikuja hapa hapa jikoni."

Nikasema ndiyo.

"Nikamwita msingiziaji."

Nikasema ndiyo.

Aliketi chini, sakafuni, mgongo kwenye kabati, akalia kile kilio ambacho hakukilia siku ile. Alimwita mama yake, halafu akakuita wewe, halafu mama yake tena, mpaka ikawa sijui anamlilia nani. Nilipomsogelea alinyoosha mkono nisimguse. Ningeomba anitukane.

Kisha akainuka, akafuta uso kwa kanga, akachukua mkoba. Nikamwambia asubiri nitoe gari. Akasema, "Wewe baki. Miaka mitatu nimekuwa nikikusikiliza wewe." Ametoka na kandambili za ndani, hana koti, anakwenda kituoni apande treni akufuate kazini. Zamu ya kesho aliifuta akiwa bado mlangoni, nilimsikia akiongea na msimamizi wake: "No, I can't. My daughter. My daughter is going."

Nimempigia mara mbili, hapokei. Wewe sijakupigia, najua kazini simu zenu mnazifungia kabatini, na hata ingekuwa mkononi sijui ningeanzaje. Sijui usiku huu mtarudi hapa au mtalala kwa Mama Furaha. Sijui kama kesho mtanitaka uwanja wa ndege. Nitavaa nitakaa tayari, mkisema nisije sitakuja. Siombi unisamehe kwenye barua hii, itakuwa kukubebesha kazi nyingine. Naomba jambo dogo, na kwa bahati mbaya utalisoma likiwa limeshapita, lakini naliandika kwa sababu sina mwingine wa kumwambia na treni imeshaondoka.

Ukimwona mama yako amesimama nje ya duka na kandambili, anashindwa kuingia, usingoje zamu iishe. Toka.

Baba yako